Siku ya Tatu Wodini: Antibiotiki kwa Wagonjwa Waliolazwa

Hotuba kwa wahudumu wa afya na jamaa za wagonjwa, kisiwani Lamu

Assalaamu alaykum warahmatullah. Mashekhe wetu, mama zetu, madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia, watu wa maabara, na nyinyi mliokuja kwa sababu mna mgonjwa wodini: karibuni.

Mazungumzo ya antibiotiki mara nyingi huishia kwenye chemisti. Fulani kanunua vidonge vinne vya amoksilini bila cheti, fulani kampa kuku. Hayo yapo, lakini leo tunayaacha. Tutabaki wodini. Huko ndiko dawa zenye nguvu zaidi zinakotumika, tena kwa mshipa, kwa watu waliodhoofika na waliolala kitanda kwa kitanda. Na huko ndiko kijidudu sugu, kisichosikia dawa tena, kinakopata nafasi ya kuhama kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine kwa mikono yetu sisi wenyewe.

Ichukueni karatasi ya dawa iliyo ndani ya faili. Hii tunayoisoma tumeitunga, ila aliyewahi kufanya kazi wodini ataitambua. Mwanamume wa miaka 54, kalazwa kwa kikohozi, homa na pumzi za mbio. Picha ya kifua inaonyesha nimonia. Kaandikiwa seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa mara moja kwa siku, na metronidazoli miligramu 500 kwa mshipa kila saa 8. Leo ni siku ya sita. Homa ilishuka siku ya pili. Anakula wali na samaki, anakwenda msalani kwa miguu yake. Mahali pa kuandika sababu ya dawa pako wazi. Mahali pa tarehe ya kusimamisha hapapo kabisa. Metronidazoli ya jana usiku haina saini ya aliyeichoma.

Kuanzishiwa antibiotiki hakukuwa kosa. Mtu huyu alizihitaji. Makosa yalikuja baadaye. Metronidazoli inaua vijidudu vinavyoishi pasipo na hewa, na nimonia ya kawaida haitokani na hivyo, kwa hiyo dawa hiyo haikuwa na kazi tangu mwanzo. Siku ya tatu alikuwa anameza vizuri, angehamishiwa vidonge. Nimonia ya mtu mzima aliyepata nafuu mapema inatosha siku 5, kwa hiyo jana ilikuwa siku ya mwisho. Na ile sindano isiyo na saini hatujui kama alipata au hakupata. Haya yote yangeonekana kama mtu mmoja angeifungua karatasi hii siku ya tatu na kuuliza: bado tunaihitaji? Kwa nini? Mpaka lini?

Mtu asituelewe vibaya. Kwa aliyezidiwa, dozi ya kwanza haingoji. Hapa jirani, hospitali ya Kilifi, watafiti waliotesha damu za watoto waliolazwa, yaani waliitia chupani waone kama bakteria wataota, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Kwa watoto wa chini ya siku 60, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na bakteria damuni. Kwa waliozidi umri huo, karibu 6. Katika kila vifo 100 vya watoto wodini, 26 vilikuwa vya watoto wenye bakteria hao. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya na mwili umempoa, au mtu mzima mwenye maambukizi ambaye presha imeporomoka, apate antibiotiki ndani ya saa moja. Aliyezembea hapo kaua kwa njia nyingine. Tunachokidai ni kwamba uamuzi uliofanywa usiku wa manane, kwa haraka na bila majibu ya maabara, usigeuke kuwa uamuzi wa wiki nzima kwa sababu tu hakuna aliyeurudia.

Tuna habari kiasi gani kuhusu ukubwa wa jambo hili? Watafiti walizunguka hospitali 14 za umma nchini Kenya, wakachapisha mwaka 2020: kati ya wagonjwa 3,590 waliokuwa vitandani, asilimia 46.7 walikuwa kwenye antibiotiki. Karibu kila mgonjwa wa pili. Idadi hiyo peke yake haisemi vibaya wala vizuri. Wodi ya watoto wachanga lazima iwe juu, wodi ya mifupa inapaswa kuwa chini. Usugu nao si hadithi za mbali: mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Hospitali ndogo inaweza kujipima yenyewe, tena bila kompyuta ya maana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hesabu ya siku moja mwaka 2018, na hospitali yenye vitanda chini ya 500 inahesabu wagonjwa wake wote, haichagui. Saa mbili kamili asubuhi ndiyo mstari. Aliyekuwa kalazwa wodini saa hiyo anaingia kwenye hesabu. Aliyefika saa tatu haingii, wala aliyekuja kwa operesheni ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wodi moja ikianzwa, imalizwe siku hiyo. Ukiikata katikati, mgonjwa atahamishwa jioni na utamhesabu mara mbili. Hesabu isifanywe wikendi wala sikukuu, na hapa kwetu wiki ya Maulidi nayo ihesabiwe sikukuu.

Kwa kila mgonjwa andika umri, uzito kama ni mtoto, na kama ana kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, au mpira wa mkojo. Kwa kila antibiotiki andika jina, dozi, njia, imeanza lini, sababu iliyoandikwa kwenye faili, na kama kuna tarehe ya kuipitia upya au kuisimamisha. Sababu iwe ile iliyoandikwa. Msimuulize daktari "ulikuwa unatibu nini?" halafu mkajaza, mkifanya hivyo mnapima kumbukumbu ya daktari, na faili itabaki bubu kwa daktari wa zamu ya usiku. Maambukizi yaliyoanza baada ya saa 48 za kulazwa yaandikwe kuwa ya hospitalini, kwa sababu vijidudu vyake ni vingine na dawa zake huwa nyingine. Kwa dawa za kinga ya operesheni, tazama saa 24 zilizopita hadi saa mbili ya asubuhi hiyo, ujue kama ni dozi moja, ni dozi kadhaa za siku moja, au imevuka siku.

Hesabu hii huharibika hasa pale watu wanapokusanya karatasi za waliopewa dawa tu na kuwasahau wasiopewa. Asilimia inahitaji wote waliokuwepo. La pili ni kuisoma kwa pupa. Mkiwa na wagonjwa 60 na 30 kati yao wanatumia antibiotiki, ni asilimia 50, lakini kwa idadi ndogo hivyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 37 na 63. Mwakani mkipata 44, msipige vigelegele. Kinachofaa kufuatiliwa kwa karibu katika hospitali ya ukubwa huu ni sehemu ya dawa zenye sababu iliyoandikwa na sehemu yenye tarehe ya kupitiwa. Hizo zinaweza kutoka asilimia 20 hadi 80 katika mwezi mmoja, na hapo hakuna ubishi wa hesabu.

Mfamasia ana kipimo chake, cha stoo. Kila dawa ina kiwango cha kulinganishia cha siku moja kwa mtu mzima. Cha seftriaksoni ni gramu 2. Tuseme mwezi mmoja wodi za watu wazima zimetumia vichupa 300 vya gramu 1. Hizo ni gramu 300, gawanya kwa 2, unapata siku 150 za dawa. Wodi hizo zina vitanda 40, na kwa wastani 32 vilikuwa na watu kwa siku 30, yaani siku-kitanda 960. Gawanya 150 kwa 960, zidisha kwa 100: kama 15.6 kwa kila siku-kitanda 100. Chora mwezi kwa mwezi ukutani. Kipimo hiki hakifai kwa watoto, maana dozi zao zinafuata uzito. Kwao hesabu siku walizokuwa kwenye dawa. Na kina tundu moja kubwa: kichupa kilichotoka stoo si lazima kiwe kimeingia mshipani, na kichupa ambacho jamaa wamekinunua nje stoo ikiwa tupu hakimo kwenye kadi yako kabisa. Miezi ya kusi, mizigo ikichelewa, mstari wako utashuka, nawe utadhani watu wametubu.

Sasa tuseme kuhusu seftriaksoni, maana ukisoma karatasi za dawa katika hospitali nyingi za nchi hii ndiyo inayokutazama. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibiotiki mafungu matatu: zinazopaswa kupatikana kwa wote na kutumika kwanza, zinazotakiwa kuangaliwa kwa jicho kali, na za akiba. Amoksilini, penisilini ya sindano, ampisilini, jentamisini, metronidazoli, kloksasilini na sefazolini zimo katika fungu la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini, azithromisini, meropenemu na vankomisini ya mshipa zimo katika la pili. Kolistini na linezolidi ni akiba. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na watu ziwe za fungu la kwanza.

Kwa nini seftriaksoni inapendwa? Wengi husema ni uvivu wa kufikiri. Sisi hatukubaliani, au tunakubali nusu. Piga hesabu ya watoto 20 wenye nimonia kali. Penisilini kila saa 6 ni sindano 80 kwa siku, ongeza jentamisini mara moja kwa siku, sindano 20, jumla 100. Ukiwaandikia wote seftriaksoni mara moja kwa siku, ni sindano 20. Mpe nesi mmoja wa usiku achague. Ukimwekea mzigo wa sindano 100, nyingine zitarukwa, na penisilini iliyorukwa mara mbili kwa siku ni mbaya kuliko seftriaksoni iliyopewa kikamilifu. Kwa hiyo anayetaka kupunguza seftriaksoni aanze kwa kuhesabu mikono iliyopo usiku. Kumfokea tabibu wakati wa raundi hakusaidii.

Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa. Seftriaksoni inapopita tumboni kwa wingi wodini inawaacha hai bakteria aina ya Klebsiella na Escherichia coli wenye vimeng'enya vya kuivunja. Hao wakishatawala, kinachobaki kufanya kazi ni meropenemu, na meropenemu ni ghali na haipatikani kila siku. Watoto njiti ndio wanaolipa deni hilo kwanza.

Njia moja ya kutoka hapo ipo tayari na ni nyepesi. Mtoto ambaye kifua kinabonyea akivuta pumzi, lakini ananyonya, hana buluu ya midomo, ana fahamu zake na oksijeni yake ni nzuri, hahitaji sindano. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha amoksilini ya kunywa na penisilini ya sindano kwa watoto wa namna hii, na ya kunywa haikuwa duni. Dozi ni miligramu 40 hadi 45 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata vidonge 2 vya miligramu 250 vinavyoyeyuka majini, asubuhi na jioni, siku 5. Toa watoto hao kwenye mlolongo wa sindano, na nesi wa usiku atapata nafasi ya kuwachoma kwa wakati wale wachache wanaozihitaji kwelikweli.

Kwa wanaobaki kwenye sindano, kuna mambo mawili ya mkono tunayoyakazia kila tunapokwenda. La kwanza ni jentamisini ya mtoto mchanga. Mtoto wa kilo 3 katika wiki yake ya kwanza anapata miligramu 5 kwa kila kilo, yaani 15, mara moja kwa siku. Aliye chini ya kilo 2 ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kichupa cha kawaida cha watu wazima kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Miligramu 15 ni mililita 0.375, robo na kidogo. Ukitumia bomba la mililita 5 huwezi kuupima ujazo huo. Mistari yake ni mipana mno, na kosa dogo la kidole linampa mtoto mara mbili. Tumia bomba la mililita 1, au kichupa cha watoto cha miligramu 20 ndani ya mililita 2, ambapo dozi hiyo inakuwa mililita 1.5. Na usiichanganye jentamisini na penisilini kwenye bomba moja ili kuokoa muda, kwa sababu moja huiharibu nyingine kabla haijafika mwilini.

La pili ni seftriaksoni na maji yenye kalsiamu. Kichupa cha gramu 1 kwa mshipa kinachanganywa na mililita 10 za maji ya sindano. Cha kuchoma kwenye paja au tako kinachanganywa na mililita 3.5 za lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1, na hicho kisiingie mshipani kamwe. Dripu ya Ringer ina kalsiamu. Seftriaksoni ikikutana nayo inaganda kuwa chembe, na chembe hizo zimeua watoto wachanga zikikaa kwenye mapafu na figo. Kwa mtu mzima, simamisha dripu, safisha mpira kwa maji ya chumvi, choma, safisha tena. Kwa mtoto mchanga anayepata kalsiamu, au mwenye manjano, tafuta dawa nyingine.

Upande wa operesheni tutasema kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu jibu linajulikana na limebaki kutekelezwa. Kinga ya operesheni ni dozi moja, ndani ya saa moja kabla kisu hakijagusa ngozi, ili dawa iwe imeshafika kwenye nyama inayokatwa. Sefazolini gramu 2 inatosha kwa operesheni nyingi, pamoja na mama anayejifungua kwa upasuaji. Inarudiwa tu operesheni ikivuka saa 4 au mgonjwa akipoteza damu zaidi ya lita 1.5. Siku tano za seftriaksoni na metronidazoli baada ya hapo hazilindi mshono. Mwanzo wake huwa ni hofu: hofu ya thieta, ya maji, ya wodi iliyojaa. Hofu ina haki yake, lakini dawa ya maji machafu ni maji safi. Katika hospitali ya Bugando kule Mwanza waligawanya wanawake 500 wa upasuaji wa kujifungua. Wengine dozi moja, wengine dozi za saa 24. Matokeo yakachapishwa 2013, na hakukuwa na tofauti ya maana kwenye maambukizi. Thika, hapa Kenya, mwaka huo huo walionyesha kwamba sera iliyoandikwa na kufuatwa inaweza kuihamisha dawa kutoka baada ya operesheni hadi kabla yake, na mishono haikuharibika kwa hilo. Ubao wa thieta uwe na mstari mmoja: antibiotiki imepewa saa ngapi. Anayejibu ni mtu wa ganzi.

Turudi kwenye siku ya tatu. Kuhama kutoka sindano hadi kidonge kuna masharti yanayoweza kuandikwa kwenye kadi ya mfukoni: homa iko chini ya 38 kwa saa 24, mapigo ya moyo yametulia, anameza bila kutapika, tumbo linafanya kazi, na ugonjwa si wa zile sehemu zinazotaka sindano mpaka mwisho, kama homa ya uti wa mgongo au vali za moyo. Metronidazoli ya kumeza inaingia damuni karibu yote, kwa hiyo mtu anayekula huku dripu ya metronidazoli inaning'inia juu yake anatundikiwa gharama tu. Kanula iliyobaki mkononi bila kazi ni mlango wa bakteria; ikiwa nyekundu, imevimba au inauma, itoke leo. Mama akisema "mbona mnampunguzia dawa, sindano si ndiyo kali?" mwelezeni kwamba ukali wa dawa haupimwi kwa maumivu ya kuchomwa. Na mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani ataulizia saa za kumeza hata kama ana ruhusa ya kutofunga. Mwandikieni dawa ya mara mbili kwa siku kama ipo inayofaa, akaimeza kwenye futari na daku. Siprofloksasini asiimeze na maziwa, maana dawa inanata na kalsiamu ya maziwa, kwa hiyo haiingii mwilini.

Unyevu wa pwani nao ni mshiriki. Vidonge vya amoksilini iliyochanganywa na klavulanati vinaharibika upesi vikipata unyevu. Visitolewe kwenye karatasi yake ya bati na kutiwa kwenye bahasha. Dawa hiyo ya maji ikishachanganywa inakaa kwenye friji, na baada ya siku 7 inamwagwa. Nyumba isiyo na friji isipewe chupa hiyo.

Kuna jambo la visiwa ambalo miongozo ya Nairobi hailigusi. Mgonjwa ametoka Faza au Kiunga kwa boti, kapata dozi ya kwanza kule kituoni, kafika hapa saa nne baadaye na barua inayosema "ameanzishiwa antibiotiki". Antibiotiki gani? Saa ngapi? Daktari wa hapa, kwa kuogopa, anaanza upya. Kama ilikuwa jentamisini, figo zimepigwa dozi mbili kwa siku moja. Barua ya rufaa iwe na jina la dawa, kipimo kwa miligramu, njia, na saa. Vitu vinne, mstari mmoja. Kituo ambacho hakina barua zilizochapishwa kiandike kwa kalamu juu ya plasta ya kanula. Maji ya bahari hayatoi wino wa kalamu nzito.

Kuotesha damu nako kuna masharti yake. Mtu mzima chupa mbili, kila moja mililita 8 hadi 10, kutoka mishipa miwili tofauti. Mtoto mililita 1 hadi 3. Damu ichotwe kabla ya dozi ya kwanza, ila dozi isicheleweshwe kwa aliyezidiwa eti chupa zinatafutwa. Ngozi ifutwe kwa klorheksidini yenye alkoholi na iachwe ikauke sekunde 30. Kifuniko cha mpira cha chupa nacho kifutwe. Anayegusa tena mshipa kwa kidole baada ya kufuta ameanza upya. Chupa haiwekwi kwenye friji kamwe, baridi inaua kile unachokitafuta. Kama inavuka kwenda bara, ikae kwenye joto la kawaida, mbali na jua, iwe na saa ya kuchotwa, na ipande boti ya kwanza ya Mokowe, isingoje zikusanyike tano. Chupa iliyochafuka na bakteria wa ngozi ni hasara mara mbili: inatoa jibu la uongo, halafu mgonjwa anawekwa kwenye vankomisini wiki nzima kwa ugonjwa asiokuwa nao. Vivyo hivyo kwa mkojo. Mwenye mpira wa mkojo kwa siku nyingi ataota bakteria hata akiwa mzima. Bila homa, bila maumivu, bila kuchanganyikiwa, usitibu karatasi ya maabara. Badilisha mpira, au uutoe.

Jamaa za wagonjwa, nyinyi mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Mnaona kinachotokea usiku. Muulizeni muuguzi, kwa adabu, dawa hii ni ya nini na inaisha lini. Sindano ikirukwa, semeni asubuhi kwenye raundi. Mkitumwa kununua dawa nje, leteni kichupa na risiti pamoja, na kichupa kisikae juani kwenye boti. Msilete dawa kutoka nyumbani na kumpa mgonjwa kisirisiri. Daktari atahesabu nafuu isiyokuwa yake, au madhara asiyoyajua chanzo. Na kabla ya kumshika mgonjwa na baada ya kumshika, mikono. Kijidudu sugu hakihitaji antibiotiki kuhama kitanda, kinahitaji kiganja tu.

Sasa kazi. Tunapendekeza wodi ya watoto ianze, Jumanne, saa mbili asubuhi. Watu wawili: mfamasia anasoma karatasi ya dawa, muuguzi anasoma faili, na mmoja wao anaandika. Mgonjwa mmoja huchukua kama dakika 10 mkizoea, zaidi siku ya kwanza. Daktari wa wodi asiwepo kwenye kuhesabu, awepo kwenye kusomewa matokeo, na matokeo yasomwe kabla wiki haijaisha, wodini, mbele ya waliofanya kazi hiyo. Yasipelekwe ofisini kwanza. Mchague jambo moja la kurekebisha. Kama hamna uhakika ni lipi, anzeni na kuchapisha mistari miwili kwenye karatasi ya dawa: sababu, na tarehe ya kupitia upya. Mhuri wa mpira unatosha mkikosa mashine ya kuchapa. Wodi za watu wazima zifuate baada ya wiki mbili, na thieta ya tatu, maana huko mabishano ni makali na mtahitaji takwimu za wodi nyingine mkononi kabla ya kuingia. Karatasi za kuhesabia ziko pale mezani, karibu na mlango.